Akiba ya Mbegu

Mtu ashukaye Mto Tana kutoka Garsen kuelekea baharini hufika katika nchi ya chini, tambarare, yenye maji mengi, ambako mto hugawanyika na kupita polepole baina ya mashamba ya mpunga, migomba na miembe. Chara imo katika nchi hiyo. Wapokomo hulima kandokando ya maji, Waorma huleta ng'ombe wao malishoni wakati wa kiangazi, na wote huutazama mto kwa matumaini na kwa hofu, kwa kuwa mto uletao rutuba ndio huo huo uletao gharika. Mafuriko makubwa yaliifunika nchi hii mwaka 1961, tena mwaka 1997, na mengine yamefuata. Mkulima wa mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba mpunga wa kula ni mbali, na mpunga wa mbegu ni mbali. Mbegu hutengwa mahali pakavu palipoinuka kabla maji hayajapanda. Maji yakisha kupanda, hakuna tena cha kutenga.

Nimeanza na mbegu za mpunga kwa sababu habari nitakayoisimulia ni ya mbegu pia, ila mbegu zenyewe ni za binadamu, na gharika yake ni dawa. Ni habari ya jinsi matabibu walivyojifunza kuwaponya watoto na vijana maradhi ya saratani, kisha wakaona kwamba baadhi ya waliopona hawakuweza kuzaa. Na jinsi walivyochelewa kuuliza swali ambalo mkulima wa Chara huliuliza kila mwaka. Sehemu kubwa ya historia hii ilitendeka hapa petu Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyeitwa Denis Burkitt aliombwa na mwenziwe amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya pande zote, juu na chini. Baada ya muda mfupi, katika hospitali nyingine, Burkitt alimwona mtoto wa pili mwenye uvimbe kama ule ule, tena akiwa na uvimbe mwingine tumboni. Akaanza kupekua madaftari ya hospitali, akaandika barua kwa madaktari wa sehemu nyingi za Afrika, na mwaka 1958 akachapisha habari za saratani hii ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na marafiki zake wawili wakapanda motokaa kuukuu wakasafiri wiki 10, maili 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali: je, mmewaona watoto wa namna hii? Jibu lilimfundisha jambo kubwa. Uvimbe ule ulipatikana katika nchi za chini zenye joto na mvua nyingi, na haukuonekana katika nyanda za juu zenye baridi. Katika Kenya ulikuwa ni ugonjwa wa kandokando ya Ziwa na wa pwani. Baadaye ilithibitika kwamba virusi fulani, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Kampala, hushirikiana na malaria kuuleta. Nchi ya chini ya Tana, yenye maji yake na mbu wake, ni nchi ya namna ile ile ambayo Burkitt aliitia alama katika ramani yake.

Kampala ya siku zile haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikufaa kitu kwa uvimbe ulioenea upesi hivyo. Ikabaki dawa. Burkitt alijaribu dawa chache alizoweza kuzipata, na kwa baadhi ya watoto matokeo yalikuwa ya kustaajabisha: uvimbe uliokuwa umelifunga jicho ulinywea kwa siku chache, na wako waliopona kabisa kwa dozi moja au mbili tu. Dawa mojawapo iliyotenda kazi hiyo huitwa saiklofosfamidi. Msomaji na alishike jina hili, maana atakutana nalo tena.

Dawa hiyo ni ya ukoo usio mwema. Mwezi Julai 1917, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilirusha makombora yenye sumu iitwayo gesi ya haradali. Matabibu waliochunguza miili ya askari waliona kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Mwaka 1942 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakampa mgonjwa wa saratani ya tezi kemikali iliyo ndugu ya sumu ile, na uvimbe ukapungua. Jambo hilo lilifichwa kama siri ya vita hata mwaka 1946. Katika miaka ya 1950 wakemia wa Kijerumani wakatengeneza ndugu mwingine, mpole kidogo, na huyo ndiye saiklofosfamidi.

Tabia ya dawa za ukoo huu ni kuziua chembe za mwili zinapogawanyika. Saratani ni chembe zigawanyikazo bila kiasi, kwa hiyo ndizo ziumiazo kwanza. Lakini mwili wenye afya nao una chembe zigawanyikazo kwa haki yao. Mizizi ya nywele ni mfano mmoja; ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka, na tiba ikiisha nywele humea tena. Korodani za mwanamume ni mfano wa pili. Tangu balehe hutengeneza mbegu mpya kila siku, na zile chembe mama zikifa zote, mbegu hukoma. Kwa mwanamke hali ni nyingine. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, yapata milioni moja au mbili. Anapovunja ungo hubakia laki chache, na baada ya hapo hayaongezwi kamwe. Dawa kali ikiila akiba hiyo, hakuna ghala nyingine.

Je, matabibu hawakulijua jambo hili? Walilijua mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1948 daktari wa Marekani aliyeitwa Sophie Spitz alichapisha uchunguzi wake juu ya maiti za wagonjwa waliotibiwa kwa dawa ya kwanza ya ukoo wa haradali. Katika korodani za wanaume, karibu wote, mbegu zilikuwa hazitengenezwi tena. Habari ikaandikwa, ikasomwa, ikawekwa rafuni. Nisingependa tuwahukumu upesi watu wa zama zile. Wagonjwa wao walikufa katika muda wa miezi, na nani angemzungumzia mtu wa namna hiyo habari za wajukuu? Swali la uzazi lina maana kwa mtu atakayeishi. Kosa, kama lipo, lilitokea baadaye, wagonjwa walipoanza kuishi na swali likaendelea kulala pale pale rafuni.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu saratani za tezi. Kilikuwa ni ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako mpasuaji Sebastian Kyalwazi alikuwa nguzo, na Taasisi ya Saratani ya Marekani, iliyomtuma kijana mmoja daktari, John Ziegler. Hapo walitibiwa watoto wenye uvimbe wa Burkitt, na pia vijana wenye ugonjwa wa Hodgkin, ambayo ni saratani nyingine ya tezi inayoanza aghalabu kwa uvimbe wa shingoni. Tiba mpya ya ugonjwa wa Hodgkin ilikuwa imetoka Marekani punde tu, nayo ilikuwa ni mchanganyiko wa dawa nne. Moja ilikuwa ni ile dawa mama ya haradali. Nyingine ilitokana na ua dogo lenye asili ya Bukini, ambalo watu wengi wa pwani hulipanda mbele ya nyumba kwa uzuri wake tu. Mwaka 1972 madaktari wa Mulago wakatangaza kwamba watoto wa Uganda waliopewa mchanganyiko huo walipona kwa kiasi cha kukaribiana na wale wa Marekani. Ilikuwa ni habari ya fahari. Hospitali ya Afrika, katika nyumba za kawaida, ilikuwa imefikia kiwango cha dunia.

Wakati huo Uganda ilikuwa imekwisha kuingia katika utawala wa Idi Amin, na Wamarekani wakaondoka. Kazi ikashikwa na Mganda, Dakta Charles Olweny. Kituo kingaliweza kufa. Hakikufa, na leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Na katika miaka hiyo ya dhiki madaktari wakaona jambo ambalo halikuwamo katika vitabu. Baadhi ya wavulana waliokuwa wamepona walirudi kliniki na aibu yao: vifua vyao vilikuwa vimevimba kama vya wasichana.

Olweny, Ziegler na mtaalamu wa homoni wa Marekani, Richard Sherins, waliwachunguza wavulana 19 waliotibiwa kwa ule mchanganyiko wa dawa nne. Kumi na watatu kati yao walikuwa wamebaleghe au wanabaleghe, na tisa katika hao walikuwa na uvimbe wa kifua. Damu yao ilionyesha kwamba ubongo ulikuwa ukizipigia korodani kelele kwa homoni nyingi, nazo haziitiki. Vipande vidogo vya korodani vilipotazamwa kwa darubini, zile chembe mama za mbegu hazikuonekana. Wale sita waliokuwa bado wadogo hawakuwa na dalili hizo za homoni, na kwa muda watu walitumaini kwamba utoto ni kinga. Uchunguzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba mtoto mdogo naye huweza kudhurika, ila madhara yake huchelewa kuonekana. Taarifa ya wavulana wa Uganda ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida kubwa la matabibu la Marekani, na imekuwa ikitajwa na wataalamu wa somo hili tangu hapo.

Tuifikirie taarifa hiyo kwa jicho la nyumbani. Hawa walikuwa vijana waliookolewa kutoka kaburini. Wazazi wao walikuwa wameuza mbuzi na kupanda mabasi ili wawafikishe Kampala. Walirudi kwao wazima, wakashangiliwa, na miaka michache baadaye ukafika wakati wa kuoa. Kwa Waganda, kama kwa Wapokomo na Waorma na watu wengi wa bara hili, mtoto hubeba jina la aliyetangulia. Mtu asiye na mtoto huulizwa maswali, na mara nyingi aulizwaye kwanza, tena kwa ukali, ni mke wake. Kijana aliyeambiwa mapema sababu ya hali yake ana neno la kusema. Asiyeambiwa hana.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba njia ya kuweka akiba ilikuwa imekwisha kujulikana siku zile. Mwaka 1949, katika maabara ya Mill Hill, London, kijana Christopher Polge alikuwa akijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa barafu kali bila kuziua, na kila mara zilikufa. Siku moja zikaishi. Alipochunguza chupa aliyoitumia, aliona kwamba haikuwa na sukari aliyoikusudia. Ndani yake mlikuwa na gliserini. Kosa la kibandiko likafungua mlango. Mwaka 1953 watafiti wa Iowa, Marekani, wakatangaza mimba za kwanza za binadamu zilizotokana na mbegu zilizogandishwa. Mbegu zikihifadhiwa katika naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminiko, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hulala bila kuzeeka. Katika Uingereza, kijana wa miaka 17 aliwekewa mbegu zake mwaka 1979 kabla ya kutibiwa saratani ya korodani. Mtoto wake alizaliwa mwaka 2002, baada ya mbegu kulala miaka 21. Mwaka mmoja tu ulipita kati ya taarifa ya Mulago na akiba ya kijana yule wa Uingereza. Na wafugaji wetu nao walikuwa wakiifahamu kazi hii kwa upande wa mifugo, kwa kuwa kituo cha Kabete, karibu na Nairobi, kimekuwa kikihifadhi mbegu za madume ya ng'ombe kwa miaka mingi. Fahali wa Kenya alikuwa na ghala kabla ya mwanadamu.

Njia ya pili haihitaji ghala. Katika mji wa Milano, Italia, Gianni Bonadonna alitunga katika miaka ya 1970 mchanganyiko mwingine wa dawa za ugonjwa wa Hodgkin, usio na ukoo wa haradali. Ulipolinganishwa na ule wa kwanza, ulionekana unaponya vizuri, na wanaume wengi waliopewa huo hurejewa na mbegu zao. Mchanganyiko huo hutumika leo hata katika hospitali za Kenya. Hivyo kijana wa sasa hukingwa na ule utasa wa wavulana wa Mulago kwa uchaguzi wa dawa tu. Vivyo hivyo, mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi tumboni huweza kuwekewa kinga ya risasi juu ya korodani, au msichana kuhamishiwa vifuko vya mayai mbali na njia ya mionzi kwa upasuaji mdogo.

Kwa wasichana kazi imekuwa ngumu. Yai si kama mbegu ya mwanamume. Ni kubwa, lina maji mengi, na barafu hulipasua. Tena ili mayai yakomae na kuchukuliwa, msichana huhitaji sindano za homoni kwa yapata wiki mbili, na aliye mdogo bado hana mayai ya kukomaa. Matabibu wakafikiri njia nyingine: kukata sehemu ya kifuko chenyewe cha mayai, kuigandisha, na kuirudisha mwilini baada ya miaka. Mwaka 2004, Ubelgiji, alizaliwa mtoto wa kwanza kwa njia hiyo. Mama yake alikuwa ametibiwa ugonjwa wa Hodgkin.

Baada ya hapo ikatokea habari ambayo hupendeza kuisimulia kwa sababu ni ya binti wa Afrika. Alizaliwa katika Kongo ya Brazzaville, naye alikuwa mgonjwa wa selimundu, yaani siko seli, maradhi ya damu yanayojulikana sana pwani na kando ya Ziwa. Akiwa na miaka 11 alihamia Ubelgiji. Huko madaktari waliamua kumpa uroto wa mifupa kutoka kwa kaka yake, na kabla ya kupewa ilibidi uroto wake mwenyewe uuawe kwa dawa kali. Mojawapo ya dawa hizo ilikuwa saiklofosfamidi, ile ile ya Mulago, ila kwa kipimo kikubwa mno. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii kuna aliyeuliza. Binti alikuwa hajatimiza miaka 14 wala hajavunja ungo. Kifuko chake kimoja cha mayai kikatolewa na vipande vyake vikagandishwa. Kifuko kilichobaki kiliharibika kama ilivyohofiwa. Miaka 10 na zaidi ikapita, akawa mwanamke mzima, akataka mtoto. Vipande vikayeyushwa, vikapandikizwa, vikaamka. Na mwezi Novemba 2014, akiwa na miaka 27, akajifungua mtoto wa kiume, bila msaada wa chupa za maabara. Miaka miwili baadaye mwanamke wa Dubai, aliyewekewa akiba yake akiwa na miaka tisa kabla ya tiba ya ugonjwa mwingine wa damu, akajifungua London.

Sasa turudi Chara, tumchukue kijana wa miaka 16 ambaye tezi ya shingoni mwake imevimba. Atapelekwa Garsen au Ngao, kisha Malindi au Mombasa, au atapanda basi la Garissa. Pengine atafika Nairobi. Ugonjwa wa Hodgkin hungoja siku chache bila madhara, na siku hizo chache zatosha, kwa kuwa kijana aliyebaleghe anaweza kutoa mbegu bila upasuaji wala sindano. Maabara za kuzihifadhi zimo katika miji mikubwa. Nairobi ilipata watoto wake wa kwanza wa kutungishwa nje ya tumbo mwaka 2006. Ghala hutozwa ada kila mwaka, na ada hiyo ni nzito kwa mkulima wa mpunga. Hilo ni kweli na halifai kufichwa. Wasomaji Waislamu watauliza juu ya sheria ya dini. Mwaka 1980 Al-Azhar ya Misri ilitoa fatwa kwamba mimba kutungishwa nje ya tumbo ni halali baina ya mume na mke walio katika ndoa, kwa mbegu zao wenyewe, pasipo mtu wa tatu. Kwa hiyo akiba ya kijana humngoja mkewe.

Kizuizi kikubwa kuliko fedha, kwa maoni yangu, ni haya. Daktari huona aibu kumtajia mvulana habari za mbegu mbele ya mama yake. Baba hawezi kumwambia mwanawe. Mvulana mwenyewe anaogopa kufa na hawazii harusi. Katika desturi zetu mambo haya yana msemaji wake, naye ni babu, au nyanya kwa msichana, ambao utani wao na wajukuu huwaruhusu kusema lisilosemeka. Sijaona hospitali inayomwita babu. Labda ingefaa aitwe.

Mtoto wa miaka sita mwenye uvimbe wa Burkitt yu katika hali tofauti. Hana mbegu za kuweka, na uvimbe wake huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo hana hata wiki ya kungoja. Lazima apewe dawa, tena leo. Ugandishaji wa vipande vya korodani za watoto wadogo bado ni jaribio, nao hufanywa katika vituo vichache vya nchi za mbali. Alilo nalo mtoto huyo ni kipimo cha dawa, kwa kuwa kipimo kidogo na cha muda mfupi hudhuru kidogo, na karatasi. Karatasi hiyo iandikwe jina la kila dawa na jumla ya alichopewa, akabidhiwe mama yake, naye aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa mahali ambapo maji ya mto hayafiki, hata mtoto atakapofika miaka 18 na kuuliza.